Kopo la Africafé ndani ya redio ya vita

Nilidhani ni kinga ya kiwandani, lile koti la bati linalofunika valvu, kifaa cha kioo kinachokuza mawimbi ndani ya redio za zamani. Ilikuwa imeivika valvu ya 6K7 kama inavyotakiwa, imepakwa rangi ya kijivu, haina tofauti kubwa na nyingine zilizopangwa pembeni yake. Nikaishika kwa koleo, nikaizungusha taratibu nisije nikavunja kioo, ikatoka. Nikaielekeza dirishani nione kama imeshika kutu.

Kwa ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika, pameandikwa AFRICAFÉ.

Mtu alichukua kopo la kahawa, akalikata, akaligeuza la nje likawa ndani, akalikunja kufuata umbo la valvu, kisha akaliunga kwa lehemu mstari mmoja ulionyooka kutoka juu mpaka chini. Kwenye ukingo alikata kijidirisha cha kupitishia waya wa gridi, ule unaoingiza mawimbi kwenye valvu. Kingo za kijidirisha hicho kazipiga tupa, zisije zikaukwaruza waya.

Redio yenyewe ni Wireless Set No. 19, imetengenezwa Kanada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Africafé ni ya Tanica, Bukoba, kiwanda cha miaka ya 1960. Kwa hiyo mkono uliokata kopo hili ulikuwa wa huku huku kwetu, na vita ilishaisha zamani.

Ni wiki kadhaa sasa na jambo hili halijaniachia.

## Kwa kilo au kwa hadithi

Niliipata Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwenye vyuma chakavu. Wanaopajua hawahitaji maelezo: kitu kikiingia pale kina njia mbili tu, mizani au mnunuzi mwenye wazimu wake. Mitambo ya zamani haina bahati na mizani kwa sababu imejaa shaba. Transfoma inapasuliwa, koili zinafumuliwa, nyaya zinachomwa moto ili ganda liishe, na kinachobaki kinauzwa bei ya bati.

Muuzaji aliona ninavyoitazama, akajua ameshanipata.

"Bosi, hii siyo ya kilo."

"Ni ya nini?"

"Ya KGB hii. Ya ujasusi. Soma mwenyewe hapo, si Kirusi hicho?"

Na kweli, swichi kwenye sahani ya mbele zina maandishi ya lugha mbili, Kiingereza na Kirusi. Nilijua sababu yake, nikanyamaza. Ukimweleza mtu wa Gerezani ukweli kuhusu mali yake unaharibu hadithi, na bei haishuki hata hivyo.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Seti ya 19 ilibuniwa Uingereza na kampuni ya Pye ya Cambridge, ikaingia kazini mwaka 1941 ndani ya vifaru. Mahitaji yalipozidi uwezo wa viwanda vya Uingereza, kazi ikapelekwa Kanada na Marekani, kwa kina Northern Electric, RCA Victor, Canadian Marconi, Zenith na Philco. Kanada ilikuwa pia inaunda vifaru vya Valentine, na karibu vyote, zaidi ya 1,300, vilikwenda Urusi ya Kisovieti kupigana na Wajerumani. Badala ya kutengeneza sahani za aina mbili, wakaandika lugha zote mbili kwenye sahani moja.

Basi. Hakuna KGB hapo.

Nililipa. Kiasi gani, mke wangu anasoma blogu hii.

## Jasusi habebi kifaru

Redio ya jasusi ina tabia zake. Kwanza haifanani na redio. Ile maarufu ya Waingereza, Type 3 Mk II, ambayo wengi huiita B2, ilibuniwa na John Brown kwa ajili ya SOE, idara iliyopeleka watu wa siri kwenye nchi zilizotekwa na Wajerumani. Ilikuwa ndani ya begi la safari la kawaida, uzito wa kilo 15 hivi, nguvu ya wati 20, inakubali umeme wa ukutani au betri ya volti 6. Mwenye begi anapanda treni kama abiria wengine, na kila mwanajeshi anayekagua mizigo ni mtihani.

Pili, haikai hewani. Wajerumani walikuwa na magari ya kutafuta mawimbi yanatokea wapi. Ukirusha kwa muda mrefu, au mahali pamoja mara kwa mara, wanakuja. Noor Inayat Khan alikuwa mwanamke wa kwanza mpigaji wa redio kupelekwa na SOE Ufaransa, mwaka 1943. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kisufi kutoka India. Wenzake wa Paris walikamatwa mmoja baada ya mwingine, yeye akaendelea kurusha huku akihama nyumba hadi nyumba. Alikamatwa Oktoba mwaka huohuo, akauawa Dachau Septemba 1944. Ninapoona mtu mtandaoni anang'arisha begi la B2 lipendeze kwenye picha, huwa nafikiria ile mikono iliyolibeba ikiwa na jasho.

Seti yangu ni kinyume cha hayo yote. Ni pande la chuma. Sehemu yake kubwa inafanya kazi kati ya megahezi 2 na 8, sehemu ndogo ilikuwa ya kuongea na kifaru cha jirani kwenye megahezi 235 hivi, na ya tatu ni ya wanajeshi kusikilizana wenyewe ndani ya kifaru, maana injini ikiunguruma humsikii hata aliyekugusa bega. Hakuna siri. Kamanda anataka asikike.

Hata hivyo yule muuzaji simlaumu sana. Mji huu na redio za vita wanafahamiana. Tarehe 8 Agosti 1914, vita ikiwa na siku chache tu, meli ya Waingereza HMS Astraea iliipiga Dar es Salaam mizinga, na shabaha ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Juni 1915 Waingereza wakavuka Ziwa Viktoria kwenda Bukoba kukivunja kituo kingine. (Bukoba tena. Nililiona hilo nikacheka peke yangu.) Miaka ya 1960 Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa, vyama vya ukombozi vilifungua ofisi, na waliotaka kuvichunguza nao wakaja. Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa hapa Dar kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Mtu aliyekulia kwenye mji huu akiona Kirusi kwenye mtambo wa kijani akafikiria ujasusi, hajatoka mbali na ukweli. Amekosea mtambo tu.

## Kapasita mpya, ganda la zamani

Sasa kazi yenyewe.

Adui wa redio hapa Pwani ni hewa. Chumvi na unyevu vinaingia hadi kwenye vitu ulivyodhani vimezibwa. Mpira wa nyaya za miaka ya 1940 ukiugusa unamomonyoka kama mkate mkavu. Kapasita, vile vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, za karatasi na nta zinanyonya maji na kuanza kuvujisha umeme, na ikivuja ile inayoshikana na gridi ya valvu ya kutolea sauti, valvu inajazwa mkondo mpaka inaungua. Mende nao wana sehemu yao; nimekwangua mayai yao kwenye pembe ambazo bisibisi haifiki.

Tahadhari moja kabla sijasahau, hasa kwa vijana wa vyuma chakavu: baadhi ya vifaa vya kijeshi vya zamani vina mishale na namba zilizopakwa rangi ya radiamu ili zionekane gizani. Mng'ao hufa, lakini radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usikwangue, usipulize vumbi lake. Yangu haina, ila niliangalia kwanza.

Kwenye kapasita ndipo wakarabati wanapogawanyika. Wapo wanaong'oa ya zamani, wanaweka mpya ya manjano, mchezo umekwisha. Wapo wanaotoboa ganda la zamani, wanatoa uchafu wa ndani, wanaingiza kapasita mpya ndogo, kisha wanaziba kwa nta. Kwa nje unaona mwaka 1943. Ni kazi ya ustadi mkubwa na wanaoifanya wanaheshimiwa.

Nilikuwa ninaandikiana na bwana mmoja wa Kanada, mkusanyaji wa seti hizi kwa miaka mingi, mtu mkarimu. Nilimtumia picha. Akanijibu vizuri kuhusu kila kitu, mpaka alipofika kwenye kopo. Pale akaandika kwamba hilo ni viraka vya mtu asiyekuwa na vifaa, nilitoe, na kwamba anayo kinga halisi ya ziada atanitumia bure, nisimlipe hata posta.

Nilikubali. Kwa nini nisikubali? Lengo si kuirudisha ilivyokuwa?

Nikaenda kulala na swali moja dogo: ilivyokuwa lini?

Siku ilipotoka kiwandani Montreal? Hiyo redio haijawahi kuwa ya mtu yeyote. Siku ilipokuwa ndani ya kifaru? Hapo itakuwa na matope, na waya uliofungwa na mwanajeshi aliyekuwa na haraka. Wakusanyaji wengi, nadhani, wanairudisha kwenye siku ya kutoka kwenye sanduku, kisha wanaiita redio ya vita. Mimi nami nilikuwa njiani kufanya hivyo.

Yule wa Kanada anapenda sana redio hizi, na sina ugomvi naye. Kwake, historia ya seti ya 19 inaishia mwaka 1945 au kitu cha karibu na hapo, na chochote kilichofuata ni uharibifu. Kwangu mimi haiwezi kuishia hapo. Miaka yake mingi zaidi imeishi huku.

## Ohm 7

Kilichoamua hakikuwa kopo.

Mahali pa valvu ya 807, ile kubwa ya kurushia sauti hewani, palikuwa patupu. Waya wa volti 500 unaoilisha ulikatwa na ncha yake ikafungwa kwa utepe wa kitambaa, mizunguko imelaliana vizuri. Chini ya kitako, kati ya pini mbili, mtu alifunga waya wa jiko la umeme uliozungushwa kwenye kipande cha kauri. Kinachukiza ukikitazama. Waya wa jiko, ndani ya redio!

Nilikuwa nimeshashika koleo.

Kisha nikakumbuka jinsi seti hii inavyowasha valvu zake. Nyuzi za joto za valvu hizo ni za volti 6.3, lakini betri ya kifaru ni ya volti 12, kwa hiyo wabunifu waliziunga mfululizo, nusu juu, nusu chini. Ukichomoa 807, njia ya umeme imekatika, na valvu zilizo kwenye mstari wake zinazimika nayo. Anayetaka kuiondoa na redio iendelee kupokea lazima aweke badala yake kitu kitakachopitisha mkondo uleule. 807 inakula ampea 0.9.

Gawanya 6.3 kwa 0.9, upate ukinzani unaotakiwa kwa ohm.

Nikachukua mita, nikagusa ncha mbili za waya wa jiko. Ohm 7 na vipointi.

Niliweka koleo chini.

Mtu huyu hakuwa anaokoteza. Alikuwa na mchoro wa redio au alikuwa nao kichwani, akapiga hesabu, akatafuta waya unaostahimili joto la wati karibu 6 bila kuungua, akaupima, akaukata ulipofika. Rezista ya namna hiyo hukuikuta dukani. Alichokuwa nacho ni jiko bovu.

Nilimpelekea picha mzee mmoja wa Keko, mstaafu wa mawasiliano jeshini, ambaye hunipa ushauri na mara nyingine hunigombeza. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani, akatazama simu yangu kwa muda mrefu.

"Huyu kasoma, mwanangu."

"Jeshini?"

"Jeshini, posta, reli, polisi, wote walikuwa na watu wa redio. Usinilazimishe kukisia."

"Sasa mbona kang'oa 807?"

"Ndiyo inayokula betri hiyo. Kama hurushi, unailisha ya nini?"

Nikafurahi, nikadhani ameniunga mkono. Nikamwambia basi nitaiacha vilevile. Akavua miwani.

"Mimi ningeirudisha. Redio ya jeshi isiyojibu, inafaa nini?"

Mpaka leo tunabishana.

## Aliyekuwa akisikiliza

Nami nina hoja yangu, iko kwenye kitasa cha mbele. Seti ya 19 ina utaratibu mzuri wa kukumbuka masafa mawili: unazungusha hadi unapotaka, unakaza skrubu, na baada ya hapo kitasa kinajikamata chenyewe pale, alama nyekundu kwa moja na buluu kwa nyingine. Mwanajeshi hakupaswa kuhangaika gizani. Kwenye yangu, nyekundu imekazwa karibu na megahezi 5, na buluu chini yake kidogo.

Wanaokumbuka mawimbi mafupi wameshanielewa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwenye kilohezi 5050, yaani megahezi 5.05, na Nairobi nayo haikuwa mbali, kwenye ukanda uleule wa mita 60.

Kwa hiyo picha inayonijia ni hii: mtu mwenye elimu ya redio, na betri ya gari, ameikata ulimi seti ya kifaru ili apate taarifa ya habari.

Naipenda picha hiyo. Ndiyo maana naishuku.

Maana yule wa Gerezani aliona Kirusi akaniuzia jasusi, na mimi nimeona kopo na skrubu, sasa ninawauzia fundi wa Kiswahili aliyejikalia barazani kusikiliza matangazo ya ukombozi. Tofauti yetu ni nini? Skrubu ya nyekundu inaweza kuwa ilisogea kwenye mkokoteni. Huenda aliyekata kopo alikuwa padri wa misheni, au Mhindi mwenye duka la spea, na alichotaka kusikia ni kitu kingine kabisa. Nimejaribu kujizuia na nimeshindwa, lakini naona angalau nitenganishe: msikilizaji ni wa kwangu mimi, wa kufikirika. Aliyepima ohm 7 alikuwepo.

Kwa huyo ndiyo nimeikarabati.

Kopo limerudi mahali pake. Waya wa jiko upo. Kapasita zilizokuwa zinavuja nimezitoa zote, kwa sababu heshima kwa historia haimaanishi kuchoma nyumba, na mpya nimeziweka waziwazi, sikuzificha ndani ya maganda ya zamani. Kila moja ina kikaratasi chenye mwaka. Atakayeifungua baada yangu aone nani alifanya nini. Kinga ya Kanada ilifika, nimemshukuru yule bwana na nimemweleza nilichoamua. Kajibu kwa sentensi moja ya adabu.

Kuiwasha nilitumia njia ya mafundi wa zamani, taa ya mfululizo, ili kukiwa na kasoro taa iwake badala ya transfoma kuungua. Kupata balbu ya wati 60 yenye uzi ndani ilikuwa kazi kuliko kupata valvu. Kila duka ni LED.

Na LED hizo hizo ndizo zilizonisumbua nilipoanza kusikiliza. Hewa ya leo imejaa makelele ya chaja za simu na taa za bei rahisi. Redio ya mwaka 1943 inayasikia yote. Ilibidi nizime swichi kubwa ya nyumba na kutumia betri, saa mbili usiku, wakati wa tamthilia. Nilipata stesheni ya Kichina, ikaja na kwenda, kisha Kiarabu, kisha mtu anapiga Morse polepole kama anayejifunza. Kwenye 5050 palikuwa na mvumo mtupu. Nilisubiri hapo kidogo, watoto wakauliza umeme unarudi lini.

## Kama mnaijua

Kuhusu 807: kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa, na hilo peke yake lingenitosha kuiacha nje. Leseni ya redio ya ridhaa nitaiomba, nipate namba yangu inayoanza na 5H, alama ya Tanzania, lakini nitarushia mtambo mwingine. Huu ulishaamuliwa na mwenzangu.

Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki. Kama nyumbani kwenu, miaka ya 1970 au hata ya 1980, kulikuwa na redio nzito ya kijani yenye Kiingereza na Kirusi mbele, inatumia betri ya gari, na baba, babu au mjomba hakuruhusu mtu aiguse, niandikieni hapo chini. Mahali popote, si lazima Dar. Vyuma chakavu vinasafiri. Kama mwenyewe yupo hai na hapendi mambo ya mtandao, niambieni nimfuate. Nina maswali mengi, la kwanza likiwa ni jiko la nani aliliharibu.

Na mwenye valvu ya 807 nzima anayetaka kuuza, tafadhali asinipigie. Mzee wa Keko akisikia ipo mjini, nitaishiwa hoja.